Anywaye Dawa ya Saratani ya Titi Asipuuze Tone la Damu

CHUKUA mfano wa mama mwenye umri wa miaka 58, mwenye watoto waliokwisha kuoa na kuolewa, na wajukuu wanaomkimbilia akirudi kutoka shamba. Mama huyu alipasuliwa titi kwa sababu ya saratani. Alipomaliza matibabu ya hospitali alikabidhiwa vidonge vya kumeza nyumbani, kimoja kila siku, kwa muda wa miaka mitano. Hedhi ilimkoma zamani. Katika mwaka wa pili wa dawa, asubuhi moja, anaona doa dogo la damu katika nguo yake ya ndani. Si damu nyingi. Ni kama ya mtu aliyejichoma sindano. Wala haumwi popote.

Mama huyo amefika njia panda. Upande mmoja moyo unamwambia anyamaze, kwani doa limetoka mara moja na huenda lisirudi, na tena mambo ya namna hiyo ni aibu kuyasema. Upande wa pili anakumbuka maneno aliyoyasikia kwenye foleni ya zahanati, kwamba vidonge vile hutibu titi lakini huharibu kizazi. Basi anafikiri ni heri avitupe.

Njia zote mbili ni za hatari. Ya kwanza yaweza kumficha adui mpya angali mchanga. Ya pili yaweza kumfungulia mlango adui wa zamani. Iko njia ya tatu iliyo bora kuliko hizo: asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe, na aende hospitali kupimwa bila kukawia, hata kama damu yenyewe ilikuwa tone moja.

Ili njia hiyo ieleweke, hapana budi kujua dawa hii ni kitu gani, yafanya nini ndani ya mwili, na kwa nini ulinzi wake hautegemei mashine tu bali wamtegemea zaidi mwanamke mwenyewe.

DAWA ILIYOSHINDWA KAZI YAKE YA KWANZA

Dawa inayozungumzwa huitwa tamoksifeni. Ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1962 na mkemia mwanamke, Dora Richardson, katika maabara ya kampuni ya ICI huko Alderley Park, jimbo la Cheshire, Uingereza. Wakati huo haikuwa na jina bali namba tu, ICI 46,474. Kikundi cha wataalamu kilichoishughulikia, chini ya Arthur Walpole, hakikuwa kikitafuta tiba ya saratani. Kilikuwa kikitafuta dawa ya kuzuia mimba.

Katika panya dawa hiyo ilizuia mimba vizuri. Lakini ilipojaribiwa kwa wanawake mambo yakawa kinyume: badala ya kulizuia yai lisipevuke, ililichochea. Kwa kazi iliyokusudiwa, dawa ilikuwa imeshindwa.

Hata hivyo haikutupwa. Ilijulikana kwamba yapingana na homoni ya kike iitwayo estrojeni, na kwamba saratani nyingi za titi hustawi kwa kulishwa na homoni hiyo. Kwa sababu hiyo ilijaribiwa katika hospitali ya Christie mjini Manchester kwa wanawake ambao saratani yao ilikuwa imekwisha kusambaa, na matokeo yakatangazwa mwaka 1971. Uingereza iliiruhusu itumike kutibu saratani ya titi mwaka 1973, na Marekani mwaka 1977. Leo tamoksifeni imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ni miongoni mwa dawa zinazotegemewa sana katika tiba ya saratani ya titi, kwani haina bei kubwa kama nyingine nyingi na humezwa nyumbani.

Yafaa kulikumbuka jambo hilo la mwanzo, kwamba dawa moja ilitenda hivi katika panya na vile kwa mwanadamu. Tabia hiyo ya kuwa na nyuso mbili haikuishia hapo. Ndani ya mwili wa mwanamke mmoja pia, tamoksifeni hutenda hivi katika titi na vile katika mji wa mimba.

UFUNGUO MMOJA, MAKUFULI MAWILI

Estrojeni husafiri katika damu kama ufunguo. Katika chembe za titi na katika chembe za mji wa mimba yamo makufuli yanayoupokea ufunguo huo. Wataalamu huyaita vipokezi. Ufunguo ukiingia na kuzunguka, chembe hupata amri ya kukua na kuzaana. Saratani ya titi yenye makufuli mengi ya namna hii huitwa saratani yenye vipokezi vya homoni, nayo ndiyo inayotibiwa kwa tamoksifeni. Saratani isiyo na vipokezi hivyo haisaidiwi na dawa hii, na ndiyo maana kinyama kilichotolewa katika titi hupimwa kwanza.

Tamoksifeni ni kama ufunguo wa bandia. Katika kufuli la titi huingia lakini hauzunguki, na maadamu umekaa humo, ufunguo wa kweli hauna pa kuingilia. Saratani hukosa chakula chake. Lakini katika kufuli la mji wa mimba ufunguo huo huo wa bandia huzunguka kidogo. Hapo dawa haizuii estrojeni, bali huiga kazi yake.

Mji wa mimba, ambao wengine huuita tumbo la uzazi, umetandikwa kwa ndani utando laini. Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, utando huo hunenepa kila mwezi ukingojea mimba. Mimba isipotunga, hubomoka na kutoka kama hedhi. Hedhi ikishakoma, estrojeni hupungua na utando hubaki mwembamba, umetulia. Sasa mama aliyekoma hedhi anapomeza tamoksifeni, utando uliokwisha lala huamshwa tena. Kwa wengi hunenepa tu pasipo madhara. Kwa baadhi huotesha vinyama vidogo visivyo vya saratani. Kwa wachache chembe zake huanza kukua ovyo, na kwa wachache zaidi hugeuka saratani.

UKWELI UWEKWE KWENYE MIZANI

Habari hizi hazikufichwa na wataalamu. Mwaka 1989 madaktari wa Stockholm, Sweden, walitangaza kwamba wanawake waliokoma hedhi na kupewa tamoksifeni walipata saratani ya mji wa mimba mara nyingi zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa. Wanawake hao walimeza miligramu 40 kwa siku, maradufu ya miligramu 20 ambazo ndizo kipimo cha kawaida leo. Mwaka 1996 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliiweka tamoksifeni katika orodha ya vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu, kwa ajili ya mji wa mimba. Katika tamko hilo hilo shirika lilithibitisha kwamba dawa hiyo huzuia saratani isitokee katika titi la pili. Msomaji asishangae: hayo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Swali la maana basi si kama hatari ipo. Swali ni hatari hiyo ina uzito gani ikilinganishwa na faida.

Mwaka 1998 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada kwa wanawake 13,388 ambao hawakuwa na saratani ya titi lakini walikuwa katika hatari ya kuipata. Nusu walipewa tamoksifeni, na nusu walipewa kidonge kisicho na dawa. Saratani ya titi yenye kupenya ilipungua kwa asilimia 49 kwa waliomeza tamoksifeni. Saratani ya mji wa mimba iliongezeka: katika kila wanawake 1,000, kwa mwaka mmoja, waliipata wawili na kitu, ambapo kwa wale wa kidonge kitupu aliipata mmoja au pungufu. Ongezeko hilo lilikuwa hasa kwa wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Tena saratani zote hizo za mji wa mimba zilizoonekana kwa waliomeza tamoksifeni zilikuwa bado katika hatua ya kwanza, hatua ambayo tiba yake ina matumaini makubwa.

Uchunguzi mwingine, uliotangazwa katika miaka ya 2012 na 2013, uliwalinganisha wanawake walioacha dawa baada ya miaka 5 na walioendelea hadi miaka 10. Walioshiriki walikuwa karibu 13,000, kutoka nchi nyingi. Kati ya mwaka wa tano na wa kumi na nne, saratani ya mji wa mimba iliwapata wanawake 31 katika kila 1,000 walioendelea, na 16 katika kila 1,000 walioacha. Waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa 4 na 2. Lakini kwa wale ambao saratani yao ya titi ilikuwa na vipokezi vya homoni, waliokufa kwa saratani ya titi walikuwa 122 katika kila 1,000 walioendelea, na 150 katika kila 1,000 walioacha.

Mizani hiyo haihitaji msomi kuisoma. Upande mmoja yamepotea maisha mawili zaidi. Upande wa pili yameokolewa maisha 28. Na kuhusu ile miaka 5 ya kwanza, hesabu zilizokusanywa kutoka tafiti nyingi na kutangazwa mwaka 2011 zaonyesha kwamba tamoksifeni hupunguza vifo vya saratani ya titi yenye vipokezi kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 ya kwanza. Mwanamke anayevitupa vidonge kwa hofu ya mji wa mimba hutupa ulinzi mkubwa ili kuepuka hatari ndogo, hatari ambayo ingeweza kugunduliwa mapema.

MASHINE NAYO YAWEZA KUDANGANYA

Mtu atauliza: ikiwa hatari ipo, kwa nini kila mwanamke anayetumia dawa hii asipigwe picha ya ultrasaundi kila mwaka, unene wa utando ukajulikana, na mambo yakaisha?

Swali hilo ni zuri, na madaktari wenyewe walilijaribu kwa miaka mingi. Kwa mwanamke wa kawaida aliyekoma hedhi, ambaye hatumii dawa hii na ametokwa na damu, picha ya ultrasaundi husaidia sana. Utando usipozidi milimita 4, daktari hupata matumaini makubwa kwamba si saratani. Lakini kwa mwanamke anayemeza tamoksifeni kipimo hicho huvurugika. Sehemu iliyo chini ya utando huvimba na kuingia vijishimo vidogo vya maji, na katika picha yote huonekana kama utando mmoja mnene. Hukutwa milimita 8, au 10, au zaidi, kwa mama ambaye hana ugonjwa wowote. Ni kama andazi lililoumuka: kwa nje ni kubwa, lakini likipasuliwa ndani ni hewa.

Madhara ya hofu hiyo ya bure si madogo. Mama aliyeambiwa kwamba utando wake ni mnene halali usingizi. Hulazwa, huchomwa dawa ya usingizi, husafishwa mji wa mimba. Chombo cha kusafishia chaweza kuutoboa, au kuingiza vijidudu vya maradhi. Fedha za nauli na za matibabu huisha, kumbe hakuna kilichokuwapo. Wengine hukata tamaa na kuacha kidonge chenyewe.

Kwa sababu hizo chama cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2006 na ule wa mwaka 2014, kilishauri kwamba mwanamke anayetumia tamoksifeni asiye na dalili yoyote asipigwe ultrasaundi wala kuchukuliwa kinyama kwa desturi tu, kwani haijaonekana kwamba kufanya hivyo kunaokoa maisha. Kilichoshauriwa ni kwamba waliokoma hedhi wafuatiliwe kwa makini, waelezwe dalili za hatari tangu mwanzo, na atakayeona dalili apimwe upesi na kikamilifu.

Kwa hiyo mama ambaye daktari wake hakumpeleka kwenye ultrasaundi kila mwaka asidhani amepuuzwa. Na mama ambaye alipigwa picha mwaka jana ikaonekana safi asidhani amepewa hati ya miaka yote. Ikitoka damu leo, picha ya mwaka jana haina neno.

DAMU NDIYO KENGELE

Saratani ya utando wa mji wa mimba ina tabia moja ambayo maradhi mengi ya kuogopwa hayana: aghalabu hupiga kengele mapema. Kengele hiyo ni damu. Mwanamke ambaye hedhi imemkoma hapaswi kuona damu yoyote ukeni, nyingi au kidogo, nyekundu, ya kahawia au ya rangi ya waridi. Majimaji yenye damu ni damu. Doa moja ni damu. Damu iliyotoka baada ya tendo la ndoa ni damu. Damu iliyotoka mara moja na kukoma yenyewe ni damu vile vile. Dalili nyingine za kueleza ni uchafu usio wa kawaida, na maumivu au uzito chini ya kitovu usiokwisha.

Damu haina maana kwamba saratani imeingia. Mara nyingi hukutwa ni vinyama visivyo na madhara, au ukavu wa uke, au kunenepa kwa utando tu. Lakini kwa macho hakuna awezaye kutofautisha, si muuguzi wala daktari, sembuse jirani. Aidha, katika nchi za Afrika Mashariki na Maziwa Makuu damu ya namna hii yaweza kutokana na saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazowaua wanawake wengi, au hata na kichocho cha njia ya uzazi. Kwa hiyo kwenda kupimwa kuna faida zaidi ya moja. Kipimo cha shingo ya kizazi peke yake, hata kikiwa safi, hakitoshi kuonyesha hali ya utando ulio ndani zaidi.

Dawa za miti shamba za kukausha damu zisitumiwe. Damu ikikaushwa kengele imenyamazishwa, lakini moto ungali unawaka.

ATAKAYOFANYIWA HOSPITALINI

Wanawake wengi huogopa kwa kutojua. Mama afikapo, muuguzi ataanza kwa maswali, na mazungumzo yenyewe si ya kutisha:

"Mama, damu hii uliiona lini?"

"Juzi, mwanangu. Ilikuwa kidogo tu, sikutaka kuwasumbua."

"Hujatusumbua, mama. Hata tone moja twataka kulijua."

Jambo ambalo mama asilisahau ni kutaja dawa anayotumia na mwaka alioianza, na kuonyesha kadi au pakiti yake. Daktari wa magonjwa ya wanawake asiyejua kwamba mgonjwa anameza tamoksifeni aweza kuisoma picha ya ultrasaundi vibaya.

Baada ya maswali huja uchunguzi wa uke na shingo ya kizazi, kwani huenda damu inatoka huko. Ultrasaundi yaweza kufuata. Lakini kwa anayetumia dawa hii na ametokwa na damu, kipimo chenye neno la mwisho ni kile cha kuchukua kipande kidogo cha utando wenyewe. Mrija mwembamba wa plastiki hupitishwa katika shingo ya kizazi na kunyonya chembe za utando. Huuma kama maumivu ya hedhi, nayo huwa ni ya dakika chache. Mara nyingi mama hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kipande hicho hupelekwa maabara kutazamwa kwa hadubini. Penye vifaa zaidi, daktari hupitisha kamera nyembamba na kuuona mji wa mimba kwa ndani, hasa akishuku vinyama, kwani mrija waweza kuvipita pasipo kuvigusa.

Kipande kikiwa kidogo mno kiasi cha kutotoa jibu, au damu ikirudi baada ya jibu zuri, mama arudi. Asione haya kurudi mara ya pili na ya tatu.

Chembe zikionekana zimeanza kubadilika lakini hazijawa saratani, madaktari huangalia upya kama tamoksifeni iendelee au ibadilishwe, na yawezekana wakashauri mji wa mimba utolewe. Ikiwa ni saratani iliyogunduliwa mapema, tiba yake kuu ni kuutoa mji wa mimba, na wengi wa wanaotibiwa katika hatua hiyo hupona.

WALE AMBAO HEDHI HAIJAKOMA

Katika Afrika wanawake wengi hupatwa na saratani ya titi wakiwa bado vijana au wa makamo, hedhi zao zikiendelea. Hao wasiingiwe na hofu isiyo yao. Ule mwongozo wa Marekani wa mwaka 2014 ulisema kwamba hakuna hatari iliyojulikana ya kuongezeka kwa saratani ya mji wa mimba kwa mwanamke ambaye hedhi haijakoma, wala hahitaji uchunguzi wa pekee kuliko ule wa kila mwanamke.

Hata hivyo yako mambo ya kuyaangalia. Dawa hii yaweza kuivuruga hedhi, ikapishana miezi au ikakatika kabisa. Hedhi kukatika kwa sababu ya dawa si sawa na kukoma kwa umri, na mwanamke aweza kushika mimba pasipo kutarajia. Tamoksifeni yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo wakati wote wa dawa, na kwa miezi kadhaa baada ya kuiacha, mume na mke watumie kinga isiyo na homoni, kama mpira au kitanzi cha shaba, kwa ushauri wa mkunga au daktari. Hedhi ikizidi kipimo chake cha kawaida, au damu ikitoka katikati ya mwezi, hiyo nayo iripotiwe. Na kwa kuwa dawa humezwa miaka mingi, aliyeianza akiwa na miaka 46 aweza kukoma hedhi akiwa bado anaitumia. Tangu hapo kanuni ya tone la damu inamhusu.

MASWALI KABLA YA KIDONGE CHA KWANZA

Wakati ulio bora wa kuulinda mji wa mimba ni kabla ya kuanza dawa. Mama aliyekoma hedhi ambaye amewahi kuona damu, au aliyepata kuambiwa ana vinyama katika mji wa mimba, amweleze daktari wakati huo, ili achunguzwe kwanza. Aliyekwisha kutolewa mji wa mimba aseme pia, kwani mashaka ya utando hayamhusu tena. Mama mnene sana, au mwenye ugonjwa wa kisukari, ajue kwamba hali hizo zenyewe huongeza hatari ya saratani ya mji wa mimba. Kutembea kila siku na kupunguza vyakula vya mafuta mengi na sukari ni sehemu ya ulinzi wake.

Kwa waliokoma hedhi ziko dawa za jamii nyingine, kama anastrozoli na letrozoli, ambazo haziuamshi utando wa mji wa mimba. Hizo huzuia mwili usitengeneze estrojeni. Lakini nazo zina gharama yake, kwani hudhoofisha mifupa na kuleta maumivu ya viungo, ambapo tamoksifeni huisaidia mifupa ya waliokoma hedhi. Uchaguzi ni wa daktari na mgonjwa wakizungumza pamoja, na si wa kuazimana vidonge kati ya majirani.

Isisahauliwe pia kwamba tamoksifeni yaweza kuigandisha damu mahali isipotakiwa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, au kifua kikichoma, hilo ni la kukimbizwa hospitali saa ile ile.

ULINZI HUANZIA NYUMBANI

Kidonge kimoja kila siku kwa miaka 5 ni vidonge zaidi ya 1,800. Katika siku zote hizo mama humwona daktari mara chache tu. Siku zilizobaki mlinzi ni yeye mwenyewe, na walio naye nyumbani.

Yafaa awe na daftari dogo au kalenda ukutani, aweke alama kila amezapo dawa, na aandike tarehe ya jambo lolote jipya. Amchague mtu mmoja wa kumweleza bila haya: binti yake, dada yake, wifi yake, au mume. Mume anayeambiwa habari za damu asizichukulie kuwa mambo ya wanawake. Ni habari za uhai wa mkewe, na nauli ya kwenda hospitali yapasa itafutwe siku hiyo. Wauguzi wa zahanati nao, wanapotoa vidonge, waseme maneno mawili matatu juu ya damu. Mgonjwa aliyeonywa mapema haogopi, bali huwa macho.

Mama yule wa miaka 58 akienda hospitali, huenda akaambiwa ana kinyama kisicho na madhara, kikatolewa, akarudi kwa wajukuu wake na pakiti mpya ya vidonge. Huenda akaambiwa ni saratani changa, akapasuliwa mapema, akapona. Akinyamaza, hakuna ajuaye lipi kati ya hayo mawili linamngojea, hata yeye mwenyewe. Kidonge na ameze. Tone la damu na aliseme.